Galaksi ya Rehema

Harufu ya ukindu uliotoka kwenye rangi ya moto haijawahi kunifurahisha. Naisikia nikipita sokoni Ntinda, na wivu wangu wa nilipokuwa na miaka tisa unaamka palepale, mzima wa afya.

Nyumbani kwetu Naguru, Mama alikuwa akitengeneza makawa ya kufunikia chakula, kama wanawake wengi wa Kinubi. Alianza na kitovu kidogo katikati, akazungusha na kushona, rangi zikikimbizana hadi ukingoni. Kwetu binti hutengenezewa kawa lake na mamake, na hilo huondoka nalo akiolewa. Langu lilikuwa halijaanzwa. Mama alisema nina haraka gani.

Kisha akaja Rehema, binti wa marehemu dada yake Mama, kutoka kwa mama wa kambo kule Kansanga. Alikuwa rika langu, mwenye adabu za kukera. Muhula wa kwanza tu akaongoza darasa, na mwalimu akamzawadia picha ya galaksi ambayo wanaastronomia waliipiga kwa darubini kubwa: kiini cheupe, na mikono ya nyota ikijipinda kukizunguka. Rehema alitueleza kwamba mwanga ule ulisafiri mamilioni ya miaka hadi kutufikia. Mimi nilisafiri kila jioni kwenda kuteka maji, na hakuna aliyenipiga picha.

Mama aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

“Hii kitu imeanzia katikati,” alisema, “sawasawa na kazi yangu.”

Kesho yake akaanza kawa jipya akifuata picha, mikono ya bluu na mmoja mwekundu. Lilikuwa la Rehema. Nilichukia hadi nikasusia chakula cha jioni.

Ijumaa moja Mama alipokwenda kwa jirani, nilichukua wembe nikakata mshono wa mkono mwekundu wote. Mama aliporudi akauliza ni nani, na kabla sijafungua mdomo Rehema akasema ni yeye, alitaka kuona mikono inavyoshikana. Alichapwa. Nami, Mungu anisamehe, siku ile nilirudia wali.

Ukindu mwekundu ulikuwa umekwisha, kwa hiyo mkono ule ukaishia nusu. Kawa langu lilikuja mwaka uliofuata, zima na zuri, na bado halikunitosha.

Juzi juzi, tukifunga mizigo ya harusi ya Rehema, nilimwuliza kwa nini alinibebea kosa lile. Alikuwa akilifunika kawa lake kwa kitenge.

“Dada, ningesema ni wewe, ingekuwa ugomvi wetu sisi wawili,” alisema. “Na ikiwa ugomvi, mgeni ndiye anayerudishwa alikotoka.”

Akaendelea kufunga fundo. Nami nikasimama pale na kamba mkononi, nikimkumbuka yule mtoto aliyekuwa akinitazama nikinuna, nikivunja vikombe, nikimjibu Mama vibaya. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa akinionea wivu: mimi niliweza kukosea leo, na kesho nikaamka bado niko kwetu.