Torgny na Matundu ya Moshi

Jamani, Torgny wa kisiwani Gotland anajicheka hata kabla hujamcheka. Ukimuuliza kazi yake anakwambia, "Nafuga kondoo. Au wao ndio wananifuga, sina uhakika." Ila safari hii alikuwa na jambo moja la kweli moyoni: harusi ya binti yake, Majken, inyweshwe pombe ya kimea cha nyumbani kwake. Kwao kununua pombe ya dukani siku hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Tatizo, mwenye mkono wa kimea ni shangazi yake, Hjördis, na shangazi ameteguka nyonga.

"Nitakikausha mimi," Torgny akajitosa.

"Wewe? Mkate tu unakushinda!"

"Mkate hauna moshi, shangazi. Mimi kwa moshi usinitanie."

Kukausha huko wenyewe wanakuita kölna. Shayiri iliyochipua inatandazwa juu ya kichanja, chini unawaka moto mdogo wa kuni za mbetula, moshi unapita katikati ya punje na kutokea kwenye matundu ya darini. Taratiiibu. Sasa shayiri yake ilipochipua, mwenzetu akawaza: moshi ndio utamu wenyewe, kwa nini upotee bure? Akaziba matundu yote kwa magunia, akachochea moto, akakaa nje kajitanua kama mfalme, anajipiga picha.

Alipofungua, Hjördis akajikongoja akatia punje mdomoni. Kach!

"Torgny! Unyevu umekosa pa kutokea, umekipika kikiwa bado kibichi. Hiki hakitoi sukari, na bila sukari hakuna pombe."

"Basi nimevumbua kokoto," akasema, ila machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kuchipusha shayiri nyingine hakukuwa na muda tena.

Ikabidi aende kwa Botvid, jirani anayemtambia kila msimu. Njia nzima alijitukana, tena matusi mazuri mazuri.

"Botvid, mimi mjinga."

"Hiyo nshaijua. Lete mpya."

"Nimeziba matundu."

Botvid akacheka mpaka akashikilia mlango. Halafu akamwonyesha magunia ya kimea yaliyoegemezwa ukutani.

"Chukua hayo. Niliposikia utakausha wewe, nikaloweka shayiri ya ziada siku hiyohiyo."

Torgny alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia.

"Yaani hukuniamini hata kidogo?"

"Hata chembe, ndugu yangu."

"Afadhali," akasema, akijitwika gunia begani. "Mimi nilijiamini, na umeona kilichotokea."