Wimbo wa Kwenye Keria

Tangu kuagiza bidhaa za nje kuwe ruksa, muuza baiskeli wa Mazwi anazo za kila aina, lakini hakuuzii mpaka umbebe. Hukunja suruali, akakaa kwenye keria, akashika siti kwa vidole vyeusi vya grisi na kuimba wimbo wa kanisani huku wewe ukikanyaga. Sauti yake ikitetemeka, baiskeli haikufai. Jana Kabula, anayejiandaa na mashindano yake ya kwanza ya mbio za miguu na za baiskeli, aling'ang'ania nyekundu yenye matairi membamba. Ubeti wa kwanza ukakatikakatika kama kikohozi.

“Hii itakutupa, binti.”

Wakapanda nyeusi, nzito. Sauti ikateremka nayo hadi Milanzi, laini kama uji wa ulezi. Kabula akafunga breki.

“Naichukua hii, baba.”

Muuzaji hakushuka.

“Kanyaga, binti. Bado beti mbili.”