Mheshimiwa Mama Beleshi

Nasema hivi, na anayebisha aje aniambie usoni: mama yangu alikuwa mtumishi wa umma kuliko wote waliowahi kukalia viti vya kuzunguka pale halmashauri. Miaka ishirini na sita alizibua mitaro. Saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani, buti za mpira miguuni, beleshi begani. Mji mzima ulimwita Mama Beleshi. Hospitalini wakimwita kwa jina lake halisi, alikuwa haitiki mpaka nimguse kiwiko.

Daraja la zamani la sokoni lilikuwa na ugonjwa mmoja: mvua ikinyesha, takataka zinaziba njia ya maji. Mama alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuzibua, anashuka chini, anagonga nguzo kwa mpini wa beleshi, anasikiliza. Siku moja akasikia mlio asioupenda. Akapanda juu mbio, akasimama katikati ya barabara, akalirudisha nyuma basi la wanafunzi huku dereva akimporomoshea matusi ya nguoni. Dereva hajamaliza kutukana, daraja likaenda na maji! Watoto arobaini na mmoja, wote wazima.

Mama alifariki miaka mitatu baadaye, kwa maradhi. Daraja jipya lilipokamilika, tukasikia linataka kupewa jina la mkuu wa zamani wa idara ya ujenzi. Marehemu naye, Mungu amrehemu, lakini viatu vyake sikuwahi kuviona na tope. Weee! Damu ilinichemka. Nilipita nyumba kwa nyumba na karatasi za sahihi mpaka visigino vikapasuka. Nilitaka kila anayevuka pale asome jina la mama, basi. Sikutaka kingine.

Kikaoni diwani mmoja akaniambia, "Dada, madaraja ni ya viongozi. Mama yako alikuwa kibarua tu."

"Na mwanao alikuwa ndani ya lile basi," nikamjibu. "Umeshasahau?"

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti wa halmashauri akagonga meza, naye akapiga kura ya kutupinga, lakini wapi! Tisa kwa saba. Tumeshinda! Nilimkumbatia mlinzi wa mlangoni, mtu nisiyemjua hata kidogo.

Kibao alikitengeneza mjomba, mdogo wake mama, fundi wa vibao vya barabarani kwenye karakana ya halmashauri. Mama ndiye aliyemlea. Hakutaka kusaidiwa wala mtu akione kabla ya wakati. Alijifungia siku nzima, mara apake rangi, mara afute machozi.

Siku ya uzinduzi watu walifurika, pa kukanyaga hakuna. Mwenyekiti akavuta kitambaa. DARAJA LA MHESHIMIWA MAMA BELESHI.

Kisha mtu akacheka. Mjomba akashika kichwa. Jamani! Miaka kumi na sita anatengeneza vibao vya wakubwa, na kila jina linaanza na bati lile lile alilolitoboa herufi za "Mheshimiwa". Mkono ulikwenda wenyewe. Na kwa taratibu zao, cheo hicho ni cha wabunge na madiwani. Kibao chenye kosa hung'olewa, na jina hurudi kikaoni kujadiliwa upya. Wale waliotupinga wakaanza kunong'onezana, nyuso zimechangamka. Nikajua daraja tumelikosa.

"Nisamehe, mwenyekiti," mjomba akasema. "Ni mazoea."

Mwenyekiti akakisogelea kibao, akakisoma tena polepole. Akachungulia chini ya daraja, kule mama alikokuwa akishuka na beleshi lake. Akamgeukia mjomba.

"Fundi, rangi hii inadumu miaka mingapi?"

"Kumi na tano, mzee."

"Basi mimi sijaona kosa. Atakayeliona, alete hoja rangi ikishachakaa."

Akachukua kipaza sauti, akatamka neno kwa neno: "Nalifungua rasmi Daraja la Mheshimiwa Mama Beleshi!"

Vigelegele hivyo! Mjomba akakaa pale pale kwenye lami, akalia kama mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza mkubwa yeyote kumwita mama mheshimiwa, na yeye hakuwepo kuitika. Nikaitika mimi, kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Abee!"