Topu Iliyofumuka Langoni kwa Mama Mkwe

Hii aibu ningeenda nayo kaburini, haki, lakini kwa vile mama mkwe wangu mwenyewe ndiye anaitangaza Mukurweini yote, kutoka kwa wanaopeleka maziwa asubuhi mpaka kwa wamama wa kanisa, nimeona heri niwaambie kwa mdomo wangu, angalau mjue ni wapi anaongeza chumvi. Na msicheke kabla sijafika mahali pa kucheka.

Mnajua mimi nauza simu na vifuniko vya simu pale Nyeri tauni. Basi Kariuki (huyu huyu wangu, wakati huo alikuwa bado mchumba) aliponitaja mara ya kwanza kwao Gakindu, mamake hakuuliza nimesoma mpaka wapi wala kama naenda kanisa, aliuliza kitu kimoja tu: "Mikono yake inajua nini?" Lazima muelewe Mama Kariuki ni nani. Huyo mama amewafumia sweta watoto wa shule wa Gakindu, na kabla yao akawafumia wazazi wao walipokuwa wadogo, na anafuma akitembea, akichunga ng'ombe, akisikiza mahubiri. Kwake mtu asiyefuma ni kama mtu asiyejua kupika chai. Sasa Kariuki badala ya kusema ukweli, ati mikono yake inajua kubadilisha kioo cha simu, akababaika akasema, "Anafuma, Mama. Hata saa hii anafuma." Mama akasema, "Basi siku akikuja avae kazi yake, niione."

Nilimpigia Kariuki kelele mpaka wateja wakatoka dukani. Mimi sikuwa nimewahi kufuma hata kamba ya kufunga kuku mguu, na ilikuwa imebaki wiki sita tu mamangu na tata zangu, dada za baba, waende kuona boma la kina Kariuki, na ile siku ndiyo wazee wangekubaliana kama mambo yaendelee ama watu wapewe chai warudi kwao. Nilimpenda huyo mwanaume, jamani, na uongo wake, na masikio yake makubwa, vyote. Singekubali kukosa bwana kwa sababu ya uzi.

Nikaingia kwa simu kutafuta video. Sweta za kwetu, mnajua, zinaanzwa chini kiunoni, unapanda, unapanda, mpaka shingoni, halafu unashona vipande. Lakini nikapata dada mmoja mpole anayeanza juu shingoni, anashuka kwa kuzunguka na ile sindano iko na waya katikati, hakuna kushona hata mahali pamoja, na utamu wake ni kwamba unaweza kuivaa ikiwa bado haijaisha ukaona kama inakutosha. Nikasema hiyo ndiyo yangu. Nikanunua uzi wa pamba mwepesi rangi ya papai iliyoiva (ilikuwa inaenda Februari, na jua la Februari hata huku kwetu mlimani linachoma), nikachagua topu ya mikono mifupi, kifuani mashimo mashimo ya urembo, kuanzia tumboni imeshikana vizuri. Ya kwanza shingo haikupita kichwa. Nikafumua. Ya pili ikapita kichwa na mabega pia, yote, ikaanguka mpaka chini. Nikafumua. Ya tatu hata sitaki kuizungumzia. Lakini ile ya nne, wueh! Ikashuka vizuri, vitanzi vimelala sawa sawa, na hapo ndipo maringo yalipoanza, kwa sababu mtu akijifunza kitu juzi huwa anakijua kuliko waliokizaa.

Asubuhi ya safari ilikuwa imebaki mizunguko minne na kufunga upindo wa chini. Kazi ya nusu saa. Tata Nyambura, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kichwani na kiondo mgongoni, akaniambia, "Wangari, funga hiyo kitu ukate uzi, gari iko hapa." Ningemsikiza tu! Lakini saa hiyo hiyo nikapata akili kubwa (akili kubwa huwa zinanipata nikichelewa). Nikajiambia, nikiimaliza hapa, Mama Kariuki atajuaje ni mimi nimefuma? Atasema nimenunua. Wacha niende nayo hivi hivi, nikae karibu naye baada ya chakula, nimuulize kwa adabu, "Mama, niishie hapa ama niongeze kidogo?" halafu niimalize mbele ya macho yake, vidole vikiruka. Nilijiona mjanja sana.

Kwa hivyo nikatoa sindano, nikapitisha kamba nyembamba ndani ya vile vitanzi vya mwisho (hivyo visiposhikwa vinatoroka kimoja baada ya kingine), nikaifunga kwa fundo la kiatu. Uzi sikukata. Donge la uzi na sindano nikaweka chini kabisa kwa kiondo, juu yake pakiti za unga, sukari na majani chai, nikabeba mgongoni. Yaani nilijifunga mwenyewe kwa kiondo kama mbuzi kwa kigingi. Na ndani, kwa sababu asubuhi kulikuwa na baridi, nikavaa fulana moja tu iliyokuwa imekauka, ile baba alipewa siku ya kufundishwa dawa za ng'ombe, nyeupe, na hapa tumboni imeandikwa kwa herufi nyekundu, neno chini ya neno, KUPE WOTE KWISHA, na picha ya kupe ameanguka chali. Nikasema si imefunikwa, nani ataona.

Sasa nyinyi wote mnajua kwetu wageni wa heshima hawaingii tu. Tulisimama nje ya lango pale Gakindu tukaimba, wao ndani wakaimba, tukaulizwa sisi ni akina nani, tukajibu kwa wimbo, wakakataa kufungua kwa wimbo, mamangu ameshika mkono wangu, jua linawaka, na mimi nimesimama mbele kabisa kama mwenye sherehe. Lango likafunguliwa, ngemi, vile vigelegele vyetu, zikapigwa, na wamama wa boma wakatukimbilia kutupokea mizigo. Kwa mila mgeni hapiti na kiondo mgongoni, mwenyeji anakupokea anapeleka jikoni. Mimi hiyo mila naijua tangu nikiwa mtoto. Sasa niambieni, ilienda wapi asubuhi ile?

Shangazi yake Kariuki, mama mmoja mwenye nguvu za kubeba debe mbili za maji, akashika kiondo changu. Nikakishika. Akavuta. Nikavuta.

"Leta, mwana wangu, upumzike," akasema, bado anatabasamu.

"Hapana, tata, si kizito, wacha tu nibebe."

Akavuta tena, na tabasamu likapungua. Watu wakaanza kutazama. Nikasikia mtu nyuma anauliza, "Kwani huyu amekuja na zawadi ama amekuja kutuonyesha?" Mamangu akanifinya mkono kwa kucha. Nikaachilia, na kwa kule kuvutana lile fundo la kiatu likafunguka, kamba yangu nyembamba nikaiona inateleza, inaanguka kwa nyasi, inalala hapo kama mnyoo. Vitanzi vyote vya upindo vilikuwa vimebaki hewani, na kiondo kinaenda jikoni mbio.

Mwanzoni nilipona, kwa sababu donge lilikuwa linajifungua lenyewe ndani ya kiondo, uzi unatoka pole pole. Tukapangwa mstari mbele ya hema, mzee akaanza maombi. Nikaomba kuliko wote. Nilisema Mungu wangu, nifikishe tu mahali pa kukaa, nikate huu uzi na meno.

Kumbe jikoni Mama Kariuki amepokea kiondo, ameona uzi umetokeza chini ya unga unaenda nje kwa mlango unaburuta kwa vumbi, na huyo ni mama ambaye hawezi kuona uzi unapotea. Akatoa donge, akaanza kuukunja. Anakunja haraka mnavyomjua. Hajui uzi umefungwa kwa nani.

Nikasikia tik. Halafu tik, tik, tik, tik, upindo unakimbia kiunoni mwangu. Na hapa nataka mnisikize vizuri, kwa sababu hii mtu asiyefuma hawezi kuijua: topu iliyofumwa kwa kuzunguka inafumuka kwa kuzunguka. Mzunguko mmoja ukiisha kutoka, uzi unabaki umekuzunguka kiuno, wa pili hivyo, wa tatu hivyo, na kule mbele kuna mtu anavuta. Nilianza kukazwa. Pumzi ikawa fupi. Dawa ilikuwa moja tu, mwili nao uzunguke, uzi utoke. Kwa hivyo mzee aliposema amina, nikazunguka. Mara moja, kwa heshima. Uzi ukalegea, halafu ukakaza tena. Nikazunguka mara mbili.

"Ũũi, bibi harusi anacheza!" mama mmoja akapaza sauti.

Basi! Ngemi! Mtu akaanzisha wimbo, wamama wa upande wao wakanizunguka wakipiga makofi, Tata Nyambura (ambaye hakuelewa chochote, lakini hawezi kuacha familia yake ishindwe kucheza) akaingia katikati akaanza kuzunguka na yeye, na mimi sikuweza kusimama, nikisimama nakatwa kiuno, nikizunguka napoteza topu, vidole viwili upana, vidole vitatu, fulana inaanza kuona jua. Nimezunguka mpaka mlima nauona mara ya kumi. Na kila nikirudi mbele ya hema, wazee wa kina Kariuki wanaona herufi nyingine mpya. Kwanza KWISHA. Halafu WOTE KWISHA. Nilipofika KUPE, mzee mmoja akavaa miwani.

Wimbo ukafa. Nikashika uzi kwa mikono yote miwili nikapiga magoti.

Kule jikoni uzi ulipogoma kuja, Mama Kariuki akaamua kuufuata. Alitokea kwa kona ya nyumba akitembea pole pole, anakunja, macho kwa uzi, anaufuata kwa nyasi, kati ya miguu ya watu, watu wanampisha, mpaka akasimama mbele yangu na donge rangi ya papai mkononi, kubwa kama kabichi.

"Hii uzi ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Na mwisho yake iko wapi?"

"Ni mimi, Mama."

Hakucheka. Aliinama, akasoma fulana, akageuza upindo na kidole gumba, akaangalia vitanzi kwa ndani, kwa nje, akapanda navyo kwa macho mpaka shingoni. "Umeanzia juu," akasema, si swali. Nikasema ndiyo. Akachomoa kwa kitambaa cha kichwa spoku ya baiskeli aliyoinoa mwenyewe (wamama wa kwetu wengi ndiyo sindano yao), akaanza kuvikamata vile vitanzi vyangu vilivyotoroka, kimoja kimoja, huku nimepiga magoti hapo kama kigingi mbele ya familia mbili. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo hata jirani alisikia, "Umefuma ngapi kabla ya hii?"

Kariuki alikuwa amesimama karibu na tangi la maji. Nilimwona ananionyesha vidole kumi. Kumi! Mamangu alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Nilijua nikisema uongo huyu mama atanishika, mikono yake iko kwa kazi yangu anaisoma kama barua, na nikisema ukweli huenda tukapewa chai turudi Nyeri. Moyo ulikuwa unapiga mpaka kupe wangu anaruka.

"Hakuna, Mama. Ni hii tu. Kariuki alikudanganya na mimi nikamsaidia. Nimejifunza wiki sita, na nimefumua mara tatu."

Spoku ikasimama. Nikaangalia chini nikaanza kulia, sitawaficha, nililia kweli.

Halafu nikasikia kitu kama jiko la mafuta likiwashwa, fff, fff, fff. Ni Mama Kariuki. Alikuwa anacheka kwa pua, halafu kwa mdomo, halafu akashindwa akakaa chini kwa nyasi na spoku mkononi. "Yake ya kwanza!" akawaambia wamama. "Yake ya kwanza, na akavaa kuja kwa mkwe bila kufunga! Mimi yangu ya kwanza nilisahau shingo. Baba Kariuki alikata shimo na kisu, akaivaa mpaka ikaisha, na hakuna mtu alijua mpaka leo." Baba Kariuki, kwenye kiti chake, akajishika shingo. Hapo boma lote likaanguka kwa kicheko, wazee, wamama, Tata Nyambura analia machozi, mimi nalia na kucheka pamoja mpaka kamasi.

Alipopata pumzi akainuka, akaniweka mkono begani, akawageukia watu wake. "Mikono iko," akasema. "Kichwa ndiyo tutatafuta pole pole." Na wazee wakaendelea na mazungumzo yao.

Alinifungia hiyo topu pale pale, kwa spoku, ikaishia chini tu ya matiti, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Chakula nilikula nimejifunga leso mpaka kwapani. Siku hizi Jumamosi ananiita nimfundishe kuanzia shingoni, na kila mzunguko lazima tubishane. Ati hata alimwambia pasta nilikuwa nimebaki na kola peke yake. Uongo! Lakini mimi naapa mbele yenu, kazi yangu nitaimaliza nyumbani kwangu, mlango umefungwa, hakuna wa kuniangalia, na nikishafunga kitanzi cha mwisho nakata uzi na mkasi, halafu na meno, halafu naenda kwa dirisha naangalia kama hakuna mtu nje anayekunja uzi.