Nilivyowafuta kina Bwambale kwa kitufe kimoja, Bwera

Wakuu, habari za humu.

Haya yalinipata mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni, mume wangu anakuja kuuliza kuna nini.

Ilikuwa miaka ya 2015, 2016 hivi, smartphone ndiyo zinaanza kujaa Kasese, magharibi mwa Uganda. Mimi ni Mkenya wa Kitale. Kaka yangu alikuwa kiwanda cha saruji kule, akanitafutia kazi kwenye kampuni ndogo ya maji. Tulikuwa tunashusha maji ya mserereko kutoka milimani kwenda vijijini. Ofisi ilikuwa Kasese mjini, mafundi kambi yao Bwera.

Bosi wetu, mama injinia asiye na mchezo, akanipa kazi ya kwanza: weka mfumo wa online wa kufuatilia kazi. Kila kazi inakuwa kadi, kadi ina jina la fundi. Fundi akimaliza anaisogeza kwa simu yake hadi kwenye safu ya "Imekwisha", na bosi anaona akiwa Kasese bila kupiga simu ishirini.

Aisee, nilifurahi kupita kiasi. Nimetoka chuo juzi, kichwa kimenivimba, nikajiona mimi ndiye nimeletea Rwenzori maendeleo.

Masika, secretary wetu, akanipa orodha ya timu. Jina upande huu, kazi upande ule. Baluku, pikipiki. Baluku, saruji. Bwambale, welding. Bwambale, mabomba. Bwambale, kupima. Ikaendelea hivyo hadi chini.

Nikasema huyu Bwambale ni mchapakazi kweli, mtu mmoja kazi tatu. Nikaona Masika hajui tu kutumia spreadsheet, kamrudia mtu yule yule kila mstari.

Nikabonyeza kile kitufe cha kuondoa majina yanayojirudia, kazi zote nikazibandika kwa lile jina moja lililobaki. Watu kumi na mmoja wakabaki sita. Nikajipongeza kwa chai na chapati ya mayai, wenyewe wanaiita rolex.

Jumatatu mfumo ukawa hewani. Jumatano Bwambale wa welding, kijana mpole sana, akanipigia.

"Madam, pole kwa kusumbua. Simu inasema niko Kitswamba napima, niko Nyakiyumbu nafunga mabomba, na niko hapa Bwera nachomelea tangi. Nianze kuwa wapi?"

Nikamwambia apange muda wake vizuri.

Msinitukane bado, nasonga mbele.

Alhamisi bosi akaingia ofisini na sura imebadilika. Mzee Bwambale karudisha spana na helmeti kwa mlinzi wa Bwera, kaenda zake nyumbani. Kasema kompyuta imemfukuza.

Nikauliza, "Kwani Mzee Bwambale ndiye yupi?"

Masika akaniangalia kwa huruma. Ndipo akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu pale kila mtu anakijua tangu kunyonya. Wakonzo, wenyeji wa kule, wanaita mtoto kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, msichana wa kwanza Masika. Kwa hiyo wale walikuwa Bwambale watatu, kila mmoja na mama yake.

Nilitamani kuingia chini ya meza.

Na Jumamosi tulikuwa tunafungua maji kwenye wodi ya wazazi, kituo cha afya kimoja cha Nyakiyumbu. Koki kuu ya laini ya zamani ilikuwa imefukiwa, na aliyejua ilipo ni yule mzee peke yake. Bosi akasema, "Kamrudishe. Maji yasipotoka, na wewe urudishe laptop."

Nikapanda boda kutoka Bwera hadi kwake. Nilimkuta anachuma kahawa na mke wake. Hakutaka maneno kabla sijala, nikawekewa bundu, ule ugali wao wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu.

Ndipo akasema taratibu, "Mimi nalaza bomba hapa miaka mingi. Mu simu ya benzangu nikaona Bwambale iko moja tu, na picha si yangu. Nikajua banafukuza mimi. Nikarudisha vyombo, sipendi kelele."

Nikamweleza yote, kitufe na ujinga wangu.

"Sasa mu mashine yako, mutoto wa pili wa kila mama iko mutu moja?"

Mke wake alicheka hadi akakaa chini kwenye kahawa. Mzee naye akaanza, mabega yanatikisika. Mimi bundu ikanipalia, nacheka na kulia pamoja.

Lakini kurudi kazini kwa maneno matupu alikataa. "Andika mimi hapa, bibi yangu aone."

Nikampiga picha. Network hakuna, tukapanda wote watatu hadi nyuma ya zizi la mbuzi, simu juu. Ikaingia: Bwambale wa Mabomba, na sura yake. Mke wake aliisoma mara mbili.

Jumamosi mzee aliingia kwenye migomba, akahesabu hatua kutoka kwenye jiwe fulani, akasema chimbeni hapa. Jembe likagonga chuma.

Kule wodini bomba likakohoa, likatema tope, kisha maji safi. Manesi wakapiga vigelegele. Mama mmoja mjamzito akatoka ameshika kiuno, akanawa uso, akabaki pale pale anachezea maji. Bosi alicheza, wakuu. Nilimwona kwa macho yangu.

Nikamwambia mzee asogeze kadi. Akaisogeza kwa kidole gumba, polepole, hadi "Imekwisha". Simu za timu nzima zikalia kwa pamoja pale uwanjani.

Halafu akaandika comment, ya kwanza kabisa kwenye mfumo wote. Neno moja.

"Niko."

Niliona aibu na furaha kwa mpigo mmoja.

Nilichojifunza: kabla hujafuta jina la mtu kwenye orodha, mpigie simu kwanza. Akipokea, mwache.

Na nyinyi mliowahi kumfuta mtu mzima mzima kwenye mfumo wenu, shukeni hapa chini mtubu, nisiwe peke yangu.