Tarehe Ninazompa Mume Wangu Si za Kweli

Admin, jina langu lisionekane popote, Tunduma tunafahamiana. Nina miaka 28 na niko kwenye ndoa mwaka wa tano. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia na Kongo. Hanipigi, hanywi, na hela ya matumizi haikosekani. Nayasema haya mapema ili msianze kumtukana, maana mkosaji hapa ni mimi.

Miaka mitatu iliyopita nilijifungua mtoto wa kike akiwa ameshafariki. Nilitokwa na damu nyingi sana, nikawa nawasikia wauguzi wananiita jina langu kwa mbali, na mimi sina nguvu ya kuitika. Siku hiyo mume wangu alikuwa amekwama kwenye foleni ya malori upande wa Zambia. Alifika tumeshazika. Alilia kuliko mimi, kisha akasema, "Tutapata mwingine, mke wangu." Nikamwambia naogopa. Akajibu, "Usiogope, safari hii nitakuwepo." Mazungumzo yakaishia hapo, na hatujayarudia tena.

Baadaye akanipeleka kliniki tukafundishwa kuhesabu siku. Siku damu inapoanza ndiyo ya kwanza, na kwa mzunguko kama wangu siku za hatari ni kama kuanzia ya kumi mpaka ya kumi na sita. Mume wangu hakupenda neno hatari, yeye anaziita siku za mtoto. Akanunua kalenda mbili, moja akaitundika chumbani, nyingine iko kwenye lori. Kila mwezi ananipigia, "Imeanza lini?" Nikimtajia tarehe, anazungushia kalamu nyekundu na kupanga safari zake ili siku hizo awe Tunduma. Madereva wenzake wanabadilishana naye zamu huku wanamcheka, "Mwacheni awahi, ana mtihani nyumbani."

Ndugu zangu, kwenye mtihani huo ninayemfelisha ni mimi. Siku zangu zikianza tarehe tatu, namwambia kumi na moja. Akifika mbio, siku zenyewe zimeshapita. Ningechoma sindano ya kuzuia mimba, lakini kadi ya kliniki angeiona na angeuliza. Tarehe haiachi alama. Nilijipa miezi michache tu moyo utulie, sasa ni zaidi ya miaka miwili. Na mtoto namtaka jamani. Kufa ndiyo sitaki.

Mwezi uliopita alirudi na mfuko wa unga wa mizizi, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyefiwa. Akasema, "Tarehe tunazifuata vizuri. Wewe huna tatizo. Ni mimi. Ni hiki kiti cha lori na joto la injini tangu nianze safari za Kongo." Nilitakiwa niseme palepale. Nikamchemshia maji ya kukorogea ule unga. Anaunywa asubuhi na jioni, tumbo linamsokota, na mimi ndiye ninayemshikia kikombe.

Nilidhani mama mkwe atanisema, maana zamani alikuwa akinipigia kila Jumapili akitoka kanisani kuniuliza kama kuna habari. Safari hii, mwanawe akiwa ameshamweleza, alikuja mwenyewe kutoka Itaka na debe la maharage. Akanishika mikono yote miwili, "Mwanangu, nilikuwaza vibaya, unisamehe. Kumbe shida iko kwetu. Usimwache mwanangu kwa ajili hiyo." Nikapiga magoti nikamwambia, "Mama, simwachi." Alilia kwa furaha. Mimi nililia pia, akadhani tunalia jambo moja.

Juzi mume wangu amepiga simu yuko Ndola. Amemwambia tajiri wake kwamba akifika anakabidhi lori. Kazi aliyoipenda tangu ujana anaiacha ili mwili upone, atakaa nyumbani kwanza, kisha tutahamia Itaka kwenye kahawa ya mama yake. Nikamuuliza, "Una uhakika?" Akasema, "Nilikuahidi nitakuwepo."

Anaingia Ijumaa. Siku zangu zinaanza Jumamosi au Jumapili, na kwenye kalenda yake bado wiki nzima na zaidi. Huyu mtu anajua kuhesabu kuliko muuguzi. Ataona nimeanza, ataangalia ukutani, atarudi nyuma mwezi mmoja mmoja mpaka aifikie miaka yote miwili.

Nikimwambia ukweli kabla, nimemvunja mtu anayekunywa dawa kwa uongo wangu, na mama yake nitamtazama kwa macho gani? Nikinyamaza, anaacha kazi kwa ugonjwa asio nao, na Jumapili haipiti bila kujua. Nikianza kumpa tarehe za kweli, nitabeba mimba nikiwa na hofu ileile ambayo hajawahi kuisikiliza.

Kalenda iko mbele yangu ninapoandika. Ijumaa ameizungushia mwenyewe safari iliyopita, akaandika pembeni, "baba nyumbani." Mliopitia haya, niambieni nianze na sentensi gani akiingia mlangoni.