Droo Iliyogoma Imempa Sefu Unyapara

Jamani, leo nimekosa cheo kwa sababu droo yangu inafunguka!

Msicheke kwanza.

Nyapara wetu kastaafu. Basi asubuhi Mzungu mwenye karakana yetu ya samani hapa Keko kaja kuchagua mwingine, kati yangu na Sefu. Kila mtu na meza ya mninga aliyoitengeneza mbele yake.

Droo yangu kaivuta kwa kidole kimoja. Ikaja taratibu, bila kelele. Nikainamisha macho kwa adabu, lakini moyoni nilishavaa kofia ya unyapara.

Ya Sefu kaivuta kwa mkono mmoja, ikagoma. Kavuta kwa miwili. Meza nzima ikamfuata mpaka mlangoni!

Karakana nzima tulijiuma midomo. Sefu mwenyewe alikuwa anakagua paa.

Mzungu akajifuta jasho. "Sefu, kuanzia leo wewe nyapara."

Nikajua jua limempiga. "Na mie, Bwana?"

"Wewe nikikutoa kwenye randa, nani atanitengenezea meza? Huyu nikimwacha hapo, atanimalizia mbao."

Nikarudi kwenye randa yangu.

Haijaisha. Jioni Sefu kaja na kofia yake mpya, kanishika bega.

"Kaka, usininunie. Nitengenezee meza ya ofisini. Ila droo iwe kama zako, zangu unazijua."

Nimemwambia, "Sawa, nyapara."

Lakini wallahi droo hiyo itagoma. Na mie nataka kupanda cheo!